Betri imekufa Kayenze, gari ni la otomatiki: je, betri ya taa za dagaa ingeliwasha?

Swali
Habari za jioni, wakuu. Juzi nililala msibani Kayenze nikasahau kuzima taa za gari, na asubuhi nilipozungusha ufunguo nilisikia tik-tik-tik tu huku taa za dashibodi zikififia. Vijana walitaka kulisukuma, mzee mmoja akashauri nimwagie betri maji ya moto, na mvuvi akajitolea betri anayowashia taa za kuvulia dagaa. Niliogopa yote matatu, nikapanda bodaboda kwenda kutafuta fundi. Naomba kujua lipi lingefaa bila kuharibu gari.

Fundi umeme, Kirumba
Pole sana, mkuu. Kulisukuma kusingesaidia, kwa sababu pampu ya mafuta ya giaboksi ya otomatiki huendeshwa na injini yenyewe, na isipofanya kazi magurudumu hayawezi kuizungusha injini. Maji ya moto, hasa yenye magadi kidogo, huondoa ule unga mweupe unaoota kwenye terminali (vichwa vya betri), lakini hayaongezi chaji.

Mvuvi ndiye aliyekuwa na dawa. Betri yake ikiwa ya volti 12 kama yako, unaunganisha kwanza chanya kwa chanya, kisha waya wa hasi kutoka kwake unaubana kwenye chuma cha injini, mbali na betri yako, kwa kuwa betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni na cheche moja yaweza kuipasua ikakurushia asidi usoni. Tafadhali usitumie waya mwembamba wa taa: staata huvuta zaidi ya ampea 100, nami nimeshuhudia ganda la waya wa namna hiyo likichuruzika kama nta kabla mwenye gari hajaachia ufunguo. Kwa kuwa betri nyingi za taa ni ndogo, ziache zimeungana kwa nusu saa ndipo uwashe.

Dereva, Sengerema
Naongezea kwa wenye magari ya manyuo (ya gia za mkono), ambao huku kwenye milima yetu huegesha likitazama mteremko. Fungua swichi, weka gia ya pili, kanyaga klachi, na gari likishika mwendo wa mtu anayekimbia uiachie mara moja. Breki na usukani huwa vizito injini ikiwa imezimwa, kwa hiyo usijaribu kwenye mteremko mkali kama wa Bugando. Betri ikiwa imeisha chaji kabisa gari haliwaki, kwani alteneta (jenereta ya gari inayochaji betri) nayo huhitaji umeme kidogo wa kuanzia.

Muuliza swali
Asanteni sana. Je, naweza kufunga betri ya mvuvi, nikawasha, kisha nikarudisha yangu injini ikiunguruma?

Fundi umeme, Kirumba
Hapana, ndugu yangu, nakusihi usifanye hivyo. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa alteneta. Ukiichomoa, volti hupanda ghafla na kontrol boksi (kompyuta ya gari) yaweza kuungua. Likishawaka, pima kwenye terminali injini ikiunguruma: ukipata kati ya volti 13.8 na 14.4, chaji inaingia vizuri. Ukipata chini ya 13, alteneta ikaguliwe kabla hujarudi Kayenze.