Mjadala: Valvu za kufungwa kwa rimoti ziwe lazima hata kwenye mabomba ya gesi ya zamani?

Wadau, swali hili naliuliza nikiwa na upande tayari. Nasema ziwe lazima popote bomba kuu linapopita kwenye makazi ya watu.

Tarehe 9 Septemba 2010 bomba la inchi 30 lilipasuka San Bruno, California. Lilifukiwa mwaka 1956 likiwa na kipande kilichochomelewa vibaya. Watu 8 walikufa, nyumba 38 zikateketea. Kinachoniuma zaidi ni kwamba gesi iliendelea kuchochea moto kwa dakika 95. Valvu zilikuwepo, ila za kufungwa kwa mkono, na mafundi walilazimika kuendesha gari kuzifuata huku mtaa unaungua.

Wanaopinga wana hoja nzito. Presha ikishuka ghafla asubuhi ya baridi kwa sababu wateja wengi wamewasha vipasha joto, valvu ya kujifunga yenyewe yaweza kukata gesi bila sababu. Na kuirudisha ni kazi: fundi apite nyumba kwa nyumba afunge koki ya kila mteja, hewa itolewe kwenye mabomba, kisha arudi kuwasha upya. Akiruka nyumba moja, gesi inamwagika ndani kupitia jiko lililozimika.

Ndiyo maana nataka ya rimoti: mtu kwenye chumba cha udhibiti anasoma presha pande zote mbili za valvu, anaamua, anafunga. Mlipuko wa kwanza haitauzuia, hilo nakubali. Itazuia moto unaofuata.

Nako kusema usalama unaumiza huduma sikubaliani nako. Merrimack Valley, Massachusetts, Septemba 2018, bomba kuukuu lilitengwa huku vipima presha vikiwa bado vimeunganishwa nalo. Vikasoma presha imeshuka, vidhibiti vikaachia gesi zaidi, nyumba zikalipuka na kijana mmoja akafa. Maelfu ya wateja walikaa bila gesi kwa wiki nyingi, baridi ikiwaingilia. Uzembe wa usalama ndio uliokata huduma.

Mwaka 2022 Marekani ilitoa kanuni ya valvu hizi, lakini kwa mabomba mapya au yanayobadilishwa, kuanzia inchi 6. Ya zamani yakaachwa, na hapo ndipo ninapogoma. Gharama aibebe mwenye bomba, si bili ya mteja, maana amelivunia faida miaka yote hiyo. Mnaopinga, hasa mliowahi kukaa kwenye vyumba vya udhibiti, leteni hoja.