Vivuli vyangu vinageuka matope, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Najifundisha kuchora kwa rangi za mafuta, na tangu mwezi uliopita nanakili mchoro wa mchoraji Mfaransa Claude Monet wa 1873, ule wa nyumba aliyopanga Argenteuil, karibu na Paris. Mchoro wenyewe uko kwenye jumba la sanaa la Art Institute of Chicago, Marekani; mimi nafuata nakala niliyochapishiwa steshenari.

Mkewe Camille yuko mlangoni, majani yametambaa ukutani, na mtoto wao Jean ametupa mgongo, ringi mkononi (kama zile tulizosukuma kwa kijiti). Hapo sijalalamika. Hata vyungu vyeupe vya maua vyenye buluu vimenikubali. Ukitazama mchoro wake wa bustani ya Vétheuil wa 1881 utavikuta tena, yaani jamaa alihama navyo!

Kinachonishinda ni vivuli. Nilitia nyeusi kidogo kwenye rangi ya mchanga, nikapata tope la Kariakoo baada ya mvua. Nikaongeza nyeupe, ikawa saruji. Nimekuja kusoma baadaye kwamba Monet na wenzake waliikwepa nyeusi, wakajenga vivuli kwa buluu na zambarau. Nimeshachelewa.

Sasa, wenye uzoefu: nikwangue sehemu hiyo kwa kisu wakati bado mbichi (ina siku tano), au niache ikauke nipake juu yake? Na zambarau niichanganye mwenyewe kwa buluu na nyekundu, au ninunue ya tyubu? Ya kwangu inatoka kahawia kila mara.