Giaboksi ya otomatiki inayoshtua: oili, solenoidi, au ifunguliwe yote?

Mwanzisha mada

Ndugu wanachama, naomba tulinganishe njia tatu ambazo nimeshauriwa kuhusu gari langu lenye giaboksi ya otomatiki ya gia sita. Injini ikiwa ya baridi, gia hupanda vizuri, lakini giaboksi ikishapata moto, gari hushtuka kwa nguvu linapotoka gia ya pili kwenda ya tatu, na mara nyingine mizunguko ya injini hupanda kidogo kabla gia haijakamata. Taa ya cheki injini haijawaka. Fundi mmoja ameshauri oili ibadilishwe, mwingine anasema tatizo ni solenoidi (vavu ya umeme inayoelekeza oili ndani ya giaboksi), na wa tatu anataka giaboksi ifunguliwe yote. Ipi itangulie, na kwa ushahidi gani?

Mchangiaji wa kwanza

Mimi naanza na oili, kwa sababu katika giaboksi hii oili hailainishi na kupooza tu, bali ndiyo inayobeba presha ya kubana klachi za ndani, zile zinazokamata gia. Kabla ya kuibadilisha, ipime. Magari mengi hupimwa injini ikiwa inaunguruma na oili ikiwa ya moto, lakini yapo ambayo watengenezaji wake wanataka injini izimwe kwanza, na mengine hayana kabisa kijiti cha kupimia, kwa hiyo fuata kitabu cha gari lako. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua ni dalili kwamba klachi zimekuwa zikiteleza. Sampo, yaani bakuli la oili chini ya giaboksi, ikifunguliwa, tazama sumaku iliyomo: unga laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida, ila vipande vya chuma vinavyoonekana kwa macho si vya kawaida hata kidogo. Ukiamua kubadilisha, tumia aina ile ile iliyotajwa na mtengenezaji, na ukumbuke kwamba kumwaga mara moja huondoa sehemu tu ya oili, kwa kuwa kiasi kikubwa hubaki ndani ya konveta, kiungo kinachopitisha nguvu ya injini kwenda kwenye giaboksi kwa kutumia oili.

Mchangiaji wa pili

Naheshimu maoni ya mwenzangu, lakini kupima oili ni jambo moja na kuibadilisha kabla ya kusoma kompyuta ya gari ni jambo jingine. Taa kutowaka si uthibitisho kwamba hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Tafuta mashine ya kusoma hitilafu inayoingia kwenye kompyuta ya giaboksi yenyewe, kwa maana ile inayosoma injini peke yake itakuonyesha msimbo wa hitilafu P0700, ambao hutangaza tu kwamba giaboksi ina hitilafu bila kusema ni ipi. Msimbo P0730 humaanisha kwamba uwiano wa gia si sahihi, na hapo mazungumzo hubadilika.

Muhimu zaidi ni kuendesha gari huku mashine ikionyesha joto la oili na kasi ya shafti ya kuingilia na ya kutokea. Dalili yako, yaani mizunguko kupanda kisha gia kugonga, inaonyesha kwamba klachi ya gia ya tatu inachelewa kubana. Kwa kuwa hali hiyo hutokea kwenye joto tu, ninashuku presha inayovuja: oili ya moto huwa nyepesi, na hupenya kwa urahisi kwenye sili zilizochoka au kwenye vijia vilivyolika vya vavu bodi, yaani sehemu yenye vavu zinazogawa oili kwa klachi. Solenoidi nayo inaweza kulegea kwa joto, hivyo pima ukinzani wake ikiwa baridi na ikiwa moto, kisha ulinganishe na vipimo vya mtengenezaji. Kuinunua bila kipimo hicho ni kubahatisha.

Mchangiaji wa tatu

Maunti za injini zilizokatika na plagi au koili mbovu huiga kabisa mshtuko wa giaboksi, kwa hiyo zikaguliwe. Hata hivyo, maunti haziwezi kueleza mizunguko kupanda kabla gia haijakamata, wala kwa nini ni gia moja tu inayosumbua.

Mchangiaji wa nne

Kuifungua giaboksi ni hatua ya mwisho, na kuna kipimo cha kuihalalisha: geji ya presha kwenye tundu lililowekwa kwa kazi hiyo. Presha ikiwa ndogo katika gia zote, shuku pampu, chujio au vavu ya kudhibiti presha. Ikipungua kwenye mkondo wa gia moja tu, vavu bodi au sili za klachi hiyo zinahusika. Presha ikiwa sahihi na klachi bado inateleza, basi imeisha, na hakuna oili itakayoirudisha.

Mwanzisha mada

Nashukuru sana. Je, ni kweli kwamba kubadilisha oili ya zamani huua giaboksi?

Mchangiaji wa pili

Oili mpya iliyo sahihi haidhuru klachi ambayo bado ni nzima. Dhana hiyo imeenea kwa sababu wengi huibadilisha wakati utelezi umekwisha kuanza, kisha giaboksi inapokufa lawama huiangukia oili. Kwa hali yako, pima kiwango na harufu yake, soma kompyuta giaboksi ikiwa ya moto, na ufunge geji ya presha kabla hujamwaga hata tone.