Naomba ushauri: ukurasa wa nakala za mafaili ambao mama ataelewa

Wakuu, habari za majukumu. Niko Nkuhungu, Dodoma, nimekwama kidogo.

Nyumbani tuna simu tatu za Android, laptopu moja na Raspberry Pi (kompyuta ndogo) yenye diski ya nje. Syncthing, programu ya kusawazisha mafaili (kuyafanya yafanane kwenye vifaa vyote), inavuta picha za simu hadi kwenye diski, kisha rsync, programu ya kunakili mafaili, inatunza nakala ya kila usiku, maana kusawazisha peke yake hakutoshi: ukifuta picha kwenye simu, na kule inafutika. Hilo linakwenda vizuri.

Shida ni ukurasa ninaotengeneza ili familia ijionee hali ya mafaili yao. Wa kwanza niliweka asilimia na orodha ya folda. Mama akautazama, akavua miwani, akaniuliza, "Sasa mwanangu, picha za msiba wa babu zipo au hazipo?" Swali lake ndilo hasa ukurasa unapaswa kulijibu.

Nikabadilisha: jina la simu na duara moja, kijani kama nakala ina chini ya saa 24, nyekundu ikizidi. Lakini mama akienda Kondoa siku tatu, simu yake inakuwa nyekundu na anapata hofu kwamba picha zimepotea, wakati zote ziko salama kwenye diski.

Naomba mnisaidie mawili. Nitumie maneno au alama gani kutofautisha "simu haipo nyumbani" na "kuna hitilafu"? Na kitufe cha kurudisha picha iliyofutwa, niwaachie wenyewe au kibaki kwangu? Naogopa mtu asije akafunika faili jipya kwa la zamani.

Natanguliza shukrani.