Ukoo wa Mzee Athumani: kuhusu Jumamosi

Mwanaidi: Asalaam aleikum wote. Mtayarishaji wa kipindi kanipigia tena. Wanakuja Jumamosi saa nne asubuhi kurekodi habari za Baba na vumbi la asbesto, yale madini ya nyuzi ya kwenye mapaa na mabomba ya zamani. Kila mtu aseme yupo au hayupo. Si kusoma na kunyamaza.

Mwanaidi: Naona mmesoma.

Rajabu: Tupo dada. Hivi kwenye TV mtu anapakwa poda kweli?

Zuhura: Mjomba, kwa uso huo poda itawaishia 😂

Shangazi Tatu: Rajabu kanyoe kwanza 😂😂

Mwanaidi: Jamani. Ule ujumbe niliowatumia kuhusu Alice Jefferson nani kausoma? Yule wa kipindi cha TV cha Uingereza, 1982. Alifanya kazi kiwanda cha asbesto akiwa binti wa miaka 17, miezi michache tu. Ugonjwa ukamtokea karibu miaka 30 baadaye, mesotelioma, ileile saratani ya utando wa mapafu iliyomchukua Baba. Akakubali kamera zimfuate akiwa taabani. Amekufa ana miaka 47. Kipindi kiliporushwa watu walishtuka, serikali ikabanwa. 1983 wakaweka leseni kwa wanaoondoa asbesto, 1985 wakapiga marufuku asbesto ya aina ya buluu na ya kahawia.

Rajabu: Na nyeupe?

Mwanaidi: Mpaka 1999! Na walijua zamani. Nellie Kershaw wa Rochdale alikufa 1924, mapafu yameharibiwa na vumbi hilohilo, daktari akaandika kwenye jarida la madaktari. Mwajiri hakutoa hata senti.

Shangazi Tatu: Sasa kipindi kitamrudisha kaka yangu?

Mwanaidi: Hakimrudishi, Shangazi. Ila kuna vijana leo wanabomoa mabomba ya zamani bila kuambiwa kitu, kama Baba hakuambiwa. Mgonjwa mmojammoja analia kwake, hakuna anayemsikia. Wakionekana, wanaohusika watajibu.

Zuhura: Mama, na paa la stoo? Mjomba alisema atalitoboa apitishe waya.

Mwanaidi: RAJABU USITOBOE. Likiwa zima na limetulia halina neno. Ukilikata au kulivunja ndiyo nyuzi zinaruka unazivuta. Na vipande vilivyodondoka msivifagie vikavu.

Rajabu: Basi waya nitaupitisha kwenye ndoto 😅

Kaka Hamisi: Nimeona sasa hivi. Habari ya fidia itazungumzwa?

Mwanaidi: Wakiuliza, tutasema.

Kaka Hamisi: Kwa hiyo mnataka nianikwe mbele ya watu wote. Hospitali ilikuwa inadai, nyie mko mbali, nani angesaini?

Mwanaidi: Karatasi ilisema hatutadai tena milele. Sisi tumeiona baada ya arobaini, kaka.

Shangazi Tatu: Haya ndiyo nilikuwa nayaogopa.

Rajabu: Jamani si humu.

Kaka Hamisi: *Ujumbe huu umefutwa*

Zuhura: Bibi anasema nimwandikie. Haya ni maneno yake:

Zuhura: "Hamisi alisaini mimi nimekaa pembeni yake. Nilimwambia mimi asaini, nilitaka mume wangu azikwe hana deni la mtu. Asiulizwe tena. Ovaroli za baba yenu nilikuwa nazikung'uta mlangoni kwa mikono yangu kabla sijazifua, na kiwandani sijawahi kukanyaga. Hicho kifua kinachonisumbua mnakijua. Hao wenye kamera waniulize mimi. Lakini chumbani kwangu hawaingii."

Kaka Hamisi: Nimekusikia Mama.

Mwanaidi: Tumekusikia Mama.

Shangazi Tatu: Wifi yangu 🙏🏾

Mwanaidi: Majibu ya eksirei ya Mama alichukua nani?

Shangazi Tatu: Si Rajabu?

Rajabu: Mimi nilimpeleka tu. Bahasha alibaki nayo Kaka Hamisi.

Mwanaidi: Kaka Hamisi? Na kadi ya kazi ya Baba iko kwako. Mtayarishaji anaitaka kabla ya Ijumaa, bila hiyo hatuna cha kuonyesha kwamba alifanya kazi pale.

Mwanaidi: Kaka?

Rajabu: Nimempigia, hapatikani.

Zuhura: Bibi anauliza wanakuja watu wangapi, na kama kuna mwanamke kati yao.

Mwanaidi: Ngoja niulize. Wengine bado hamjasema mpo au hampo.