Mrejesho: Maoni ya kuaminika kuhusu televisheni ya chogo
Niliuliza ni maoni ya nani yaaminiwe na mtu anayetafuta televisheni ya chogo, yaani ya kizamani yenye mgongo mkubwa, iliyotumika hapa Unguja. Nawashukuru nyote mlionijibu. Sifa za chapa, hata ya Sony Trinitron iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1968, hazielezi hali ya kifaa kilichokaa miaka mingi katika hewa ya chumvi. Aliyenifaa zaidi ni fundi wa Darajani asiyeuza televisheni, na hilo kwangu ndilo la msingi, ambaye aliiwasha televisheni niliyotaka kuinunua, akaiacha ipate moto, kisha akanieleza kwamba picha iliyofifia huashiria tyubu (bomba la kioo linalotoa picha) iliyochoka, ilhali mabaka ya rangi pembeni mara nyingi husababishwa na sumaku, nayo huweza kuondolewa. Nimeinunua, na king'amuzi kinaonesha vizuri.