Tupeane uzoefu: mlipunguzaje magari mtaani kwenu?

Habari zenu wakuu. Uzi huu ni wa walioshiriki wenyewe kuufanya mtaa upitike kwa miguu, au wanaotumia gari kwa pamoja. Mifano mikubwa ipo: Groningen, Uholanzi, mwaka 1977 waligawa katikati ya mji sehemu nne. Mwenye gari akitaka kwenda sehemu nyingine lazima azungukie barabara ya nje, wa miguu na wa baiskeli anakatiza moja kwa moja. Mimi nataka yale ya ndani: nani alishika ufunguo, mligombania nini.

Naanza. Sisi ni majirani tunaotumia gari moja. Daftari linakaa humo humo ndani, ukichukua unaandika kilomita, ukirudisha unaandika tena. Mwanzoni kila mtu alijaza mafuta yake, tukaona mambo yamekwisha hapo. Tairi zilipokwisha, hakuna aliyejua ni za nani! Sasa tunachangia kwa kilomita, na humo mna mafuta, tairi, breki na bima. Bima ndiyo ya kuulizia kabla ya yote, maana ikimtambua dereva mmoja tu, siku mwingine akigonga mtalia nyote. Ushirika wa Mobility wa Uswisi uliundwa 1997 kwa kuunganisha vyama viwili vilivyoanza 1987, navyo vilianza kama vikundi vidogo vya kugawana gari. Kwa hiyo msidharau daftari.

*Mama Msafara:* Sisi tunapeleka watoto shule kwa miguu, wazazi tunapokezana zamu. Mtu mzima mmoja mbele, mmoja nyuma, na mwendo ni wa mtoto mdogo kuliko wote. Tukifika kivuko wote wanasimama, wa mbele anaingia barabarani kwanza na kusimama akiwatazama madereva, ndipo watoto wanapita, wa nyuma anafunga. Muda wa kituo cha kukutania ukifika tunaondoka, hatumsubiri mtu. Nilidhani ni ukali, lakini ukisubiri mmoja leo, kesho unasubiri watano na shule mnachelewa wote. Watoto wa madarasa ya juu sasa wanakwenda peke yao, njia wanaijua. Hilo linanifurahisha kuliko yote.

*Jirani wa Kona:* Tulifunga barabara yetu Jumapili. Bogotá, Colombia, wanafanya hivyo tangu 1974, zaidi ya kilomita 100 za barabara, lakini sisi ni kipande kifupi tu. Wenye maduka walikasirika mpaka tukakubaliana mizigo ishushwe asubuhi kabla ya kufunga. Vizuizi viwe vya kusogezwa na mtu mmoja, na anayekaa jirani navyo awepo siku hiyo. Gari la wagonjwa halisubiri mkutano.

*Mgeni:* Na mzee asiyeweza kutembea? Mama yangu ana kiti cha magurudumu, nikisikia "mtaa bila magari" naingiwa na hofu.

*Mwanzisha uzi:* Swali zito, ndugu. Vauban, kitongoji cha Freiburg, Ujerumani, magari mengi yanalala kwenye maegesho ya pembeni, lakini kushusha mtu au mzigo mlangoni kunaruhusiwa, kwa mwendo wa pole. Sisi tuliandika hivyo kwenye makubaliano. Halafu kagueni kingo za njia ya miguu, kiti kinakwama hapo kabla ya kukutana na gari lolote. Wenye wagonjwa nyumbani, mmefanyaje?